Hitilafu ya Mtandao ni Swali la Kisayansi

Miongoni mwa maneno yanayosikika mara kwa mara katika mabenki, hospitali, ofisi za umma na vyuo vya Afrika Mashariki ni haya mawili: "Mtandao hakuna." Mwananchi aliyefika na shida yake huyasikia kutoka dirishani, hukaa kwenye benchi akingoja, na jua linapoanza kuinama hurudi nyumbani bila kuhudumiwa. Aliyeyasema hana nia mbaya. Amesema alichokiona, yaani kwamba kompyuta iliyo mbele yake haifanyi leo kazi iliyoifanya jana. Lakini kwa fundi anayetakiwa kurekebisha mambo, maneno hayo hayaelezi zaidi ya neno "homa" linavyomweleza tabibu. Homa ni dalili. Yaweza kuletwa na malaria, na taifodi, na mafua makali, na mengine mengi. Kwa muda mrefu kila homa katika nchi za joto ilitibiwa kana kwamba ni malaria, mpaka mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa.

Katika ofisi nyingi kazi ya mitandao bado haijaufikia mwaka 2010 wake. Mtandao ukikwama, mtambo huzimwa na kuwashwa. Ukikwama tena, programu hufutwa na kuwekwa upya. Hilo nalo lisipofaa, huandikwa dokezo la kuomba fedha za kununua mtambo mwingine, na mtambo mpya ukishafungwa huonyesha ugonjwa ule ule wa awali, kwa kuwa kosa halikuwa ndani ya chuma bali katika mstari mmoja wa mipangilio ambao hakuna aliyeusoma. Fedha zimekwenda, na zaidi ya fedha, hakuna aliyejifunza kitu. Kutafuta hitilafu ni kazi ya kisayansi kwa maana kamili ya neno hilo: kuna jambo linaloonekana, kuna dhana, kuna jaribio linaloweza kuivunja dhana hiyo, na kuna daftari. Mahali panapofaa kuianza kazi hiyo ni shule ya sekondari, kabla kijana hajazoea kuamini kwamba kompyuta hutibiwa kwa bahati.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa itazamwe mitambo miwili ambayo ikikwama, ofisi nzima hukwama nayo. Wa kwanza ni seva ya barua pepe, yaani kompyuta inayopokea barua za ofisi na kuzipeleka zinakotakiwa. Wa pili ni seva simamizi ya kikoa. Kikoa, kwa maana hii, ni jumuiya ya kompyuta na watumishi wa taasisi moja walioandikishwa katika daftari moja. Seva simamizi ndiyo inayolitunza daftari hilo, na kila asubuhi mtumishi anapoandika jina lake na nenosiri, yeye huthibitishwa na seva hiyo kabla ya kufunguliwa mafaili yake. Mfumo unaotumiwa na ofisi nyingi kwa kazi hii huitwa Active Directory, nao ulitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2000. Mitambo hiyo miwili hutofautiana sana kwa kazi, lakini yote hutegemea mambo ambayo mtumiaji hayaoni kamwe: njia, majina na saa.

Majina ndiyo yenye visa vingi zaidi. Kompyuta hutambuana kwa nambari, na watu hupenda majina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majina ya kompyuta zote za ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani, yalikuwa yakiandikwa katika faili moja lililotunzwa na taasisi ya utafiti iliyoitwa SRI huko California, na kila kituo kilichukua nakala. Mtandao ulipokua, utaratibu huo ukalemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alitunga mfumo wa majina ya vikoa, ujulikanao kwa herufi za DNS, ambamo hakuna mmoja anayeyajua majina yote. Kila kikoa hutunza majina yake, na anayetaka jina huelekezwa hatua kwa hatua mpaka kwa mwenye nalo, mfano wa mgeni anayefika kijijini na kuulizia nyumba kwa mjumbe wa nyumba kumi, naye akamwonyesha mlango wa kuendea.

Seva ya barua inapopewa barua ya kwenda kikoa fulani, huuliza DNS kwanza: ni seva ipi inayopokea barua za kikoa hicho? Rekodi inayojibu swali hilo huitwa MX, na utaratibu wake uliandikwa mwaka 1986. Jibu likipatikana, seva huuliza tena nambari ya huyo aliyetajwa. Kisha hubisha kwenye mlango nambari 25, husalimu, humtaja mtumaji, humtaja mpokeaji, na katika kila hatua hungoja jibu lenye tarakimu tatu, kwa mujibu wa taratibu alizoziandika Jonathan Postel mwaka 1982. Tarakimu hizo ni hazina kwa mtafuta hitilafu. Jibu linaloanza na 2 ni la kukubali. Linaloanza na 4 lina maana kwamba kwa sasa haiwezekani, na mtumaji ajaribu baadaye. Linaloanza na 5 ni la kukataa kabisa. Hivyo barua iliyorudishwa kwa 550 haifai kutumwa tena mara kumi kama wengi wafanyavyo, na ile iliyocheleweshwa kwa 450 haina sababu ya kumpotezea mtu usingizi katika saa ya kwanza, maana seva itaendelea kujaribu yenyewe kwa siku kadhaa. La kusikitisha ni kwamba tarakimu hizo huandikwa wazi katika taarifa inayorudi kwa mtumaji, na watumaji wengi huifuta taarifa hiyo bila kuisoma.

Msomaji ataona kwamba safari ya barua moja ni mnyororo wa hatua nyingi, na kwamba kukatika popote hutoa dalili ile ile moja: barua haikufika. Fundi asiye na utaratibu huanza na hatua anayoifahamu vizuri, si ile inayoelekea kuwa na kosa. Mwenye utaratibu huukata mnyororo katikati. Ikiwa kuna hatua 16, na jaribio la katikati likaonyesha kwamba 8 za mwanzo ni nzima, basi kosa limo katika 8 zilizobaki. Majaribio manne hutosha kuifikia hatua moja yenye kosa. Mwalimu wa hisabati atalitambua jambo hili mara moja. Kwa mtandao, jaribio la katikati lililo rahisi kuliko yote ni kuuita mtambo wa mbali mara mbili, mara ya kwanza kwa nambari yake na mara ya pili kwa jina lake. Programu ya kuitia huitwa ping. Mike Muuss wa Marekani aliiandika mwaka 1983, akaipa jina la mlio wa vyombo vinavyopima kwa mwangwi chini ya maji. Mtambo ukiitika kwa nambari na usiitike kwa jina, njia ni nzima na ugonjwa uko katika majina. Kwa jaribio la nusu dakika, kebo, swichi na ruta vimeondolewa katika orodha ya washukiwa.

Kuna kisa kimoja kinachostahili kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu kinawafaa walimu wa fizikia. Kilitokea Marekani katikati ya miaka ya 1990, na kilisimuliwa hadharani mwaka 2002 na fundi aliyekitatua, Trey Harris, ambaye wakati huo alisimamia barua pepe za chuo kikuu kimoja katika jimbo la North Carolina. Siku moja mkuu wa idara ya takwimu alimpigia simu akamweleza kwamba idara yake haiwezi kutuma barua mbali zaidi ya maili 500, yaani kilomita 800 hivi. Fundi alidhani anataniwa. Barua pepe haijui umbali. Lakini mkuu yule alikuwa mtu wa takwimu: alikuwa ametumia siku kadhaa kukusanya ushahidi kabla ya kupiga simu, na mmoja wa wenzake alikuwa amechora ramani inayoonyesha barua zilizofika na zisizofika.

Fundi akaketi akajaribu mwenyewe. Barua za Richmond, Atlanta na Washington zilifika. Ya Princeton, maili 400, ilifika. Ya Memphis, maili 600, ilikataliwa. New York, maili 420, ilifika, na Providence, maili 580, haikufika. Akajaribu kumwandikia rafiki aliyeishi hapo hapo North Carolina, lakini ambaye barua zake zilihifadhiwa katika seva ya Seattle, upande wa pili wa bara, na barua hiyo haikwenda. Basi umbali wa mtu haukuhusika, ulihusika umbali wa seva. Jaribio hili moja lina thamani kuliko yote mengine katika kisa hiki, kwa kuwa lilitenganisha mambo mawili ambayo mpaka hapo yalikuwa yakienda pamoja.

Chanzo kilipatikana katika faili la mipangilio. Siku chache kabla, mshauri mmoja alikuwa ameufanyia mtambo matengenezo na kuuwasha upya, akasema mfumo wa barua hakuugusa. Kumbe matengenezo yale yalirudisha toleo la zamani la programu ya barua, iitwayo Sendmail, huku faili la mipangilio likibaki la toleo jipya. Programu ya zamani ilikutana na maneno isiyoyafahamu, ikayaruka. Miongoni mwa yaliyorukwa ni muda wa kungoja jibu la seva ya mbali, na palipokosekana muda pakahesabiwa sifuri. Katika mtambo ule, sifuri ilikuwa kwa vitendo kama milisekunde tatu. Nuru husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na katika milisekunde tatu hufika kilomita 900, ambazo ni maili 559 hivi. Seva ilikuwa ikikata tamaa kabla nuru haijafika mbali zaidi ya hapo.

Msomaji makini atapinga, na ana haki. Jibu lazima liende na kurudi, na ndani ya nyuzi za kioo nuru hupungua mwendo mpaka kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo milisekunde tatu zisingefikisha hata kilomita 400. Msimulizi mwenyewe alitangulia kusema kwamba baadhi ya mambo ameyabadilisha ili kisa kivutie. Kasoro hiyo haiharibu somo. Darasani yaweza hata kuwa faida, kwani mwanafunzi hupata kisa cha kuvutia chenye hesabu ya kusahihishwa.

Jambo la kushangaza katika kisa hicho ni kwamba shujaa wake wa kweli si fundi. Ni yule mkuu wa idara, ambaye badala ya kusema "mtandao hakuna" alileta vipimo. Ofisi yenye mtu mmoja wa namna hiyo huokoa siku nyingi za kazi.

Visa vya seva simamizi ya kikoa havina mvuto kama huo, lakini ndivyo vinavyotokea kila wiki. Kilicho cha kawaida kabisa ni hiki. Kompyuta ya mtumishi, ili iweze kuipata seva simamizi, huuliza DNS ya ndani ya ofisi, kwa kuwa majina ya seva za ndani hayaandikwi kwenye DNS za nje. Siku moja mtandao unakuwa mzito, na mtu mwenye nia njema anaipa kompyuta ile nambari ya DNS ya nje, kama 8.8.8.8 ambayo kampuni ya Google iliifungua kwa umma mwaka 2009. Tovuti zinafunguka upesi, na mtu yule anashukuriwa. Kesho yake mtumishi anaandika nenosiri lake na kungoja dakika kadhaa, printa haionekani, na mafaili ya idara yamepotea. Kila mtu anasema seva imekufa, na hali seva ni nzima kabisa. Imekuwa tu ikiulizwa kwa mtu asiyeifahamu. Wengine hudhani wamejikinga kwa kuandika nambari mbili, ya ndani na ya nje. Hawajui kwamba jibu "jina hilo halipo" ni jibu kamili. Kompyuta ikishalipokea kutoka nje, haina sababu ya kwenda kumuuliza wa ndani.

Kisa cha saa ni kigumu zaidi kukigundua, na katika Afrika Mashariki kina sura yake ya pekee. Seva simamizi huthibitisha watumishi kwa utaratibu uitwao Kerberos, uliobuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani kutokana na mradi ulioanza mwaka 1983. Katika utaratibu huo mtumishi hupewa tiketi, na tiketi huandikwa saa, ili mwizi akiinakili leo asiweze kuitumia kesho. Kwa hiyo saa za kompyuta mbili zinazozungumza zisipishane sana. Katika Active Directory, kipimo cha kawaida ni dakika tano. Zikipishana dakika sita, mtumishi hukataliwa hata kama nenosiri lake ni sahihi, na maelezo anayopewa kwenye kioo mara nyingi hayataji saa hata kidogo.

Sasa msomaji na afikirie seva mpya ya barua iliyofika ikiwa imepangiwa majira ya Greenwich. Ni saa nane mchana, na saa ya ukutani inaonyesha 14:00, lakini seva inaonyesha 11:00. Anayeifunga anaona kosa, naye hulisahihisha kwa njia iliyo karibu: anasogeza saa mbele mpaka 14:00. Alipaswa kubadilisha ukanda wa saa na kuiacha saa yenyewe. Kerberos haitazami saa ya ukutani. Hutazama saa ya dunia, ambayo kwa Afrika Mashariki hupatikana kwa kutoa saa tatu. Seva hii, ikidhani iko Greenwich, sasa inaamini kwamba saa ya dunia ni 14:00, na kwa kweli ni 11:00. Imetangulia kwa dakika 180, mara 36 ya kiasi kinachovumiliwa. Ikiwa njia ya kujisahihisha saa kupitia mtandao imefungwa, itabaki hivyo. Fundi atakayekuja kuangalia ataona saa ya seva inalingana na ya mkononi mwake, dakika kwa dakika, na ataiondoa saa katika orodha ya washukiwa. Huenda akamaliza siku tatu akibadilisha manenosiri.

Chanzo kingine cha kosa hilo ni betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi kuu ya kompyuta. Ikichoka, na umeme ukakatika, mtambo huamka ukiwa umerudi nyuma miaka. Kifaa cha bei ndogo kama hicho chaweza kuizuia taasisi nzima isifanye kazi.

Kwa upande wa barua, kosa linalofanana na hayo kwa kujificha hutokea ofisi inapobadilisha kampuni inayoiuzia intaneti. Nambari ya ofisi hubadilika. Fundi hukumbuka kurekebisha MX, barua zinaingia, na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Lakini katika DNS kuna rekodi nyingine, SPF, inayotangaza kwa dunia ni nambari zipi zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa hicho, nayo bado inataja nambari ya zamani. Barua zinazotoka huanza kukataliwa na wengine, na kwa wengine huangukia kwenye kapu la taka. Lawama humwangukia muuzaji mpya wa intaneti, asiyehusika. Na anayeligundua kosa mara nyingi huliongezea lingine: huandika rekodi ya pili ya SPF bila kuifuta ya kwanza. Kanuni inasema kikoa kiwe na rekodi moja tu ya namna hiyo, na zikiwa mbili hesabu yake ni kosa, hivyo hata kinga iliyokuwapo hupotea. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zilipokaza masharti kwa wanaotuma barua kwa wingi, makosa hayo yamekuwa ghali zaidi kuliko zamani.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni matatizo ya ofisi maskini. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kwa muda wa karibu saa sita. Kampuni ilieleza baadaye kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilizikata njia kuu zinazounganisha vituo vyake vya data, na kwamba chombo kilichopaswa kuizuia amri mbaya kilikuwa na kasoro. Seva zake za majina, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo hivyo, ziliacha kutangaza njia za kuzifikia. Zenyewe zilikuwa zikifanya kazi, ila hakuna aliyejua pa kuzipata. Vyombo vya ndani ambavyo mafundi wangevitumia kutafuta kosa vilitegemea majina yale yale, navyo vikakwama. Mfumo uliokuwa mgonjwa ulikuwa umemeza pia kipimajoto.

Hapa hapana budi kusikiliza upande wa pili. Wapo mafundi wazoefu wasemao kwamba kuzima na kuwasha hufanya kazi mara nyingi, na kwamba msongo wa foleni dirishani haumpi mtu nafasi ya kuwa mwanasayansi. Wana haki kwa sehemu. Mfumo wa hospitali ukikwama wagonjwa wakiwa mapokezi, huduma irudi kwanza. Lakini kuwasha upya hufuta ushahidi: hali ya kumbukumbu, orodha ya mawasiliano yaliyokuwa wazi, foleni iliyokuwa imekwama. Dakika tano za kuandika kinachoonekana na kunakili daftari la matukio ya seva kabla ya kubonyeza kitufe hazimwui mgonjwa yeyote, nazo zaweza kuzuia mkwamo wa wiki ijayo.

Wengine husema kwamba elimu hii imepitwa na wakati, kwa kuwa taasisi nyingi sasa hukodi barua pepe kutoka kwa makampuni makubwa ya nje na hazina tena seva chumbani. Hoja hiyo ni dhaifu. Anayekodi sanduku la barua hakodi jina lake. Kikoa, MX, SPF na saa za kompyuta zake hubaki mikononi mwake, na makosa mengi yaliyotajwa humu hutokea huko huko. Kilichobadilika ni kwamba akikwama, mtu wa kumuuliza yuko mbali zaidi.

Shuleni, somo la kompyuta mara nyingi huishia kwenye majina ya sehemu na matumizi ya programu za ofisini. Mwanafunzi huweza kutaja kazi ya ruta na bado asijue afanye nini ruta isipofanya kazi hiyo. Dawa yake haihitaji maabara ya fahari. Kompyuta tatu za zamani, swichi moja na programu za bure za Linux zinatosha. Mwalimu aingie mapema, aweke kosa moja, kisha awaachie wanafunzi na daftari. Kila kundi liandike kilichoonekana, dhana yake, jaribio na matokeo, na lisibadilishe zaidi ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Alama zitolewe kwa daftari, hata kwa kundi ambalo halikulifikia kosa, na kundi lililobahatisha bila kuandika lisipewe kitu. Wanafunzi hodari watalalamika. Waachwe walalamike.

Kosa moja zuri la kuanzia ni la kinyago cha mtandao, yaani ile nambari inayoiambia kompyuta ni anwani zipi zilizo jirani zake. Katika mtandao usio na ruta, kompyuta yenye anwani inayoishia na 20 iandikiwe 255.255.255.128 badala ya 255.255.255.0. Itaiona jirani yake inayoishia na 50, na haitaiona inayoishia na 200. Hii ya 200 ikiiita ile ya 20, swali litafika, na jibu halitarudi. Darasa lililojifunza kuhesabu kwa msingi wa mbili litalifumbua fumbo hilo kwa kalamu, bila kugusa kompyuta.

Na kwa darasa lisilo na kompyuta hata moja, ramani na bikari vinatosha kwa zoezi lingine. Seva ya barua iwekwe Dar es Salaam, na ipewe ugonjwa wa yule mkuu wa takwimu: haiwezi kuvuka kilomita 800. Duara likichorwa, Dodoma, Mombasa, Mbeya na Nairobi zitakuwa ndani. Mwanza, ambayo kwa mstari mnyoofu iko kilomita 850 hivi, itabaki nje kidogo, na Kigoma nje kabisa. Wanafunzi wakokotoe ni milisekunde ngapi seva hiyo hungoja kabla ya kukata tamaa, wakikumbuka kwenda na kurudi, na wakikumbuka mwendo wa nuru ndani ya kioo. Watapata nane. Kisha waulizwe kwa nini, katika nchi halisi, hata barua ya Mbeya yaweza kukwama, na wapewe ramani ya barabara na reli, kwa sababu kebo hazipiti angani kwa mstari mnyoofu.